Meza ya Picha: Kambi Mbili, Barabara Moja

Tangu Januari 3, 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoondoa zuio la mikutano ya hadhara ya vyama lililokuwepo tangu 2016, wapiga picha wa Kanda ya Ziwa wamerudi barabarani. Chadema walifungua pazia lao hapa hapa Mwanza, viwanja vya Furahisha, Januari 21 mwaka huo. Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: makundi mawili yasiyoelewana yakikutana, nitapigaje picha bila kuumia na bila kumsingizia mtu? Tumechagua nane. Nyingine tumezijibu kwa kirefu, nyingine kwa mstari mmoja, kadiri jambo lenyewe lilivyo.

Shikamooni. Mimi napiga harusi na kipaimara. Sasa gazeti moja limeniomba nifuatilie maandamano mawili ya siku moja. Ya kwanza yanatoka upande wa Kirumba, ya pili katikati ya mji, na watu wanasema yatakutana Barabara ya Makongoro. Nina kamera moja, lenzi ya 18-55 na ya 70-300. Nisimame wapi? — Igoma

Marahaba. Popote utakaposimama, pasiwe katikati. Harusini umezoea kukaa mbele ya maharusi ukirudi kinyumenyume, msafara unakufuata. Penye kambi mbili, mbele ya msafara huu ndiyo mbele ya msafara ule. Ukirudi kinyumenyume unaingia mikononi mwa wenzao. Jiwe nalo halikulengi wewe, ila wengi wanaorusha hawafikishi, na lisilofika linaangukia hapo hapo ulipo.

Simama ubavuni, mahali unapoona uwazi uliopo kati ya makundi hayo mawili kama mtu anayetazama uwanja wa mpira akiwa jukwaa la katikati. Kamera nyingi zinazouzwa pamoja na lenzi ya 18-55 zina kitambuzi (kile kinachopokea picha ndani ya kamera) kidogo, hivyo ukiweka mm 18, upana wake wa mwisho, na kusimama mita 20 kutoka mstari wanaokutania, unapata karibu mita 26 za barabara kwa upana. Maana yake, kama wametengana mita 15, viongozi wa pande zote mbili wanaingia pamoja na uwazi wao. Hiyo ndiyo picha ya kwanza kuisaka, kabla ya mikono kuinuka. Mgongoni uwe na ukuta, na kona ya kutokea iwe hatua tano tu kutoka ulipo.

Upande gani wa barabara? Mwanza imekurahisishia. Kukipambazuka upepo hafifu hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana ardhi ikishapata joto, upepo hugeuka na kutoka ziwani kuja mjini. Jua nalo, asubuhi liko upande wa vilima, alasiri liko upande wa ziwa. Kwa hiyo asubuhi kaa upande wa vilima, alasiri kaa upande wa ziwa: mwanga na upepo vyote viwili viko mgongoni kwako, na moshi ukifyatuliwa utaelekea mbali nawe. Usiamini kanuni hii kwa kukariri, kwa sababu mvua ikiwa inajikusanya upepo hufanya utakavyo wenyewe. Tazama bendera za vyama, au moshi wa jiko la mama lishe aliye karibu. Na ukikaa upande wa ziwa hakikisha njia yako ya kutokea inakwenda sambamba na ufukwe. Ikielekea majini, hiyo si njia.

Ratiba usiichukue vijiweni. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, kifungu cha 43, inawataka waandaaji kupeleka taarifa ya maandishi polisi si chini ya saa 48 kabla. Karatasi hiyo huwa na mahali na muda. Waombe waandaaji wa pande zote mbili wakuonyeshe nakala zao, kisha itembee njia hiyo kwa miguu jana yake, na siku yenyewe ufike saa mbili kabla ya muda uliotajwa.

Ukiitembea, yatie alama maeneo haya manne yanayowanasa watu. Kipilefti, kwa mfano kile cha Samaki katikati ya jiji, kinaonekana kizuri kwa sababu unaona kila upande; lakini na kila upande unakuona wewe, na huna pa kuegemea. Mto Mirongo ni ukuta: ukikimbia ukiuelekea, vivuko vichache vilivyopo vitakuwa vimejaa watu. Daraja la waenda kwa miguu la Furahisha linakupa barabara yote kwa juu, ila lina ncha mbili tu za kushukia. Panda mapema, piga kwa dakika kumi, ushuke makundi yakiwa bado mita mia mbili. Nyumba za mlimani, kama za Mabatini na Isamilo, zina mandhari ya kumfanya mtu asahau kazi. Omba ruhusa ya mwenye nyumba, na ujue vichochoro vya huko huishia kwenye jabali, na jabali likinyeshewa huteleza kama sabuni.

Kuhusu lenzi, funga 18-55 na uiache hapo. Kubadilisha lenzi barabarani ni kukaribisha vumbi ndani ya kamera na kuinamisha kichwa wakati ambao hutakiwi kuinama. Ukitaka ile ndefu, ingia dukani ubadilishe.

La mwisho, na wengi hawalifundishi: watazame machinga. Aliyetandaza viatu chini akianza kuvikusanya bila mteja kuondoka, bado una dakika chache. Milango ya maduka ikishuka nusu, daladala zikianza kugeuza kabla ya kituo, bodaboda wakiwasha pikipiki bila abiria, hali imeshabadilika. Nyimbo ndefu zikikatika na kubaki neno moja linalorudiwa, shati likitoka mwilini kwenda usoni, askari wakishusha vioo vya helmeti, usisubiri ishara nyingine. Sogea kwenye kona yako, na upigie hapo hapo.

Gazetini ilitoka picha yangu ya makundi mawili, na watu wa pande zote wakanijia juu kwamba nimewagonganisha. Kweli walikuwa wametengana mbali, ila pichani wanaonekana wanapumuliana usoni. Sijahariri chochote. Kosa liko wapi? — Nyakato

Bila shaka ulipiga kwa lenzi ndefu kutoka nyuma ya kundi moja. Watu husema lenzi ndefu inabana umbali. Kinachobana hasa ni mahali uliposimama, na lenzi inakuja kukata tu kipande cha kati. Fanya hesabu. Ukiwa mita 60 nyuma ya kundi la kwanza, na la pili liko mita 30 mbele yao, yaani mita 90 kutoka kwako, mtu wa kundi la pili anaonekana theluthi mbili ya urefu wa yule wa kwanza. Tofauti hiyo ni ndogo, jicho la msomaji linasema wako pamoja. Sasa sogea hadi mita 5 kutoka kundi la kwanza: la pili liko mita 35, na mtu wake anaonekana moja ya saba. Makundi ni yale yale, uwazi ni ule ule wa mita 30, lakini msomaji sasa anauona.

Hivyo hukudanganya kwa makusudi, ila picha ilisema uongo nawe uliijua hali halisi. Dawa ziko tatu, na ya kwanza ndiyo bora: nenda ubavuni, uwazi uwe ndani ya fremu. Ukishindwa, karibia. Vyote viwili vikishindikana, andika umbali kwenye maelezo ya picha. Umbali unapimika hata bila futi: hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75, kwa hiyo hatua 40 ni mita 30. Ukipita pale kabla hawajafika, hesabu hatua kati ya nguzo za umeme. Baadaye utasema kwa uhakika kwamba kundi hili lilikuwa nguzo ya pili na lile nguzo ya tatu.

Jambo jingine linalogonganisha watu ni picha moja kukatwa kutoka kwenye mfululizo. Mkono ulioinua jiwe hausemi nani alianza. Tunza picha tatu za kabla na tatu za baada, na umpelekee mhariri zote hata kama atatumia moja. Saa ya kamera iwe sahihi. Njia rahisi ni kupiga picha ya kioo cha simu kinachoonyesha saa na sekunde asubuhi kabla ya kutoka, ili hata kamera ikiwa imechelewa ujue imechelewa kiasi gani. Mkiwa wapiga picha wawili, wote mpige simu hiyo hiyo moja.

Halafu maelezo. Usiandike "wafuasi wa chama fulani" kwa kuwa umeona fulana. Fulana za vyama hugawiwa bure, na Mwanza utazikuta zimevaliwa na mtu anayechimba msingi au anayeparua samaki. Andika "vijana waliovaa fulana za kijani", kisha ukipata mmoja wao wa kuzungumza naye, andika alichokuambia mwenyewe. Neno "wavamizi" au "wahuni" liache kwa wanaotoa matamko.

Wahariri wengine hudai idadi sawa ya picha kwa kila upande. Sisi hatukubaliani nao. Kama upande mmoja umekaa chini unaimba na mwingine unarusha mawe, picha tatu kwa tatu zitawafanya waonekane sawa. Kinachotakiwa kulingana ni namna ulivyopiga: urefu ule ule wa kamera, umbali unaokaribiana, lenzi ile ile. Kundi moja ukilipiga kutoka chini likaonekana la mashujaa, na lingine kutoka juu likaonekana kama sisimizi, umeshapiga kura.

Tafadhali nipeni mpangilio wa kamera kwa kazi hii. Picha zangu nyuso zinakuwa nyeusi, na rangi za kundi moja hazifanani na za lingine. — Kitangiri

Shata kwanza, yaani kasi ya kamera kufunguka na kufunga. Watu wanaotembea, 1/500 ya sekunde. Wanaokimbia, bendera zinazopepea au kitu kilichorushwa, 1/1000. Tundu la lenzi weka f/8. Ukiwa na lenzi ya 18-55 kwenye mm 18 na f/8, ukafokasi mita 3 kisha ukafunga fokasi, kila kitu kuanzia mita moja na robo hadi mwisho wa macho kitakuwa wazi. Ndivyo unavyoweza kuinua kamera juu ya vichwa na kupiga bila kuchungulia. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijipange yenyewe, kikomo 6400: juani itakaa 200 hadi 400, kivulini mwa maghorofa itapanda hadi 2000 hivi.

Nyuso kuwa nyeusi: kamera inaiona anga nyeupe inayoakisiwa na ziwa, inadhani pana mwanga mwingi mno, inapunguza. Ongeza mwanga kwa kitufe cha +/-, theluthi mbili ya hatua hadi hatua nzima (+0.7 hadi +1). Ukiona fulana nyeupe zinawaka na kuzima kwenye kioo cha kamera, rudi chini theluthi moja. Kumbuka pia kwamba jua la utosi kwa saa zetu si saa sita kamili. Mwanza iko magharibi sana ya mstari unaopanga saa za Afrika Mashariki, hivyo jua linafika katikati karibu saa saba kasoro dakika kumi, dakika chache zaidi au pungufu kulingana na mwezi. Muda huo kila mwenye kofia ana kivuli machoni. Piga kutoka chini kidogo, barabara yenyewe itarudisha mwanga usoni.

Rangi kutofanana kunatokana na kuiachia kamera ipange weupe yenyewe. Ikijaa kijani, inatia uwekundu ili kusawazisha. Ikijaa nyekundu, inatia ubuluu. Matokeo yake ngozi za kambi moja zinaonekana zenye afya na za nyingine kama za wagonjwa, na atakayekushtaki upendeleo atakuwa na ushahidi. Weka alama ya jua, au 5200 K, na usiiguse hadi jioni.

Usikandamize kitufe kama bunduki. Kamera ndogo ikipiga RAW (faili ghafi, nzito) hujaza kumbukumbu yake ya muda baada ya picha kama sita hadi kumi, na itaganda sekunde ile ile jiwe linapotua. Piga tatutatu. Kadi mbili za GB 32 ni bora kuliko moja ya 64: kila moja inabeba zaidi ya picha 1,000 za RAW za megapikseli 24, na ikipotea moja hujapoteza siku nzima.

Nivae nini? — Musoma

Kijivu, kisicho na maandishi. Kijani na njano ni CCM, zambarau ni ACT-Wazalendo, nyekundu na buluu zitakupeleka kwa wengine. Kosa kubwa ni ile fulana ya kaki yenye mifuko mingi inayouzwa kuwa ni "ya wapiga picha". Kwa watu wengi wa huku kaki ni gwanda la Chadema. Ukiivaa mbele ya vijana wa chama kingine, maelezo yako watayasikiliza baadaye.

Neno PRESS liwe kifuani na mgongoni, herufi za urefu wa kiganja. Ukiwa huna kitambulisho cha mwandishi, usilivae. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 imeweka utaratibu wa ithibati, na anayejifanya mwandishi anawaharibia wenye kazi. Viatu vya kamba. Helmeti ya baiskeli inapunguza makali ya jiwe ingawa haizuii risasi. Mkanda wa kamera usiutie shingoni, kwani atakayeuvuta atakuangusha nao. Uzungushe kwenye kifundo cha mkono mara mbili.

Mabomu ya machozi yakipigwa, nifanyeje mimi, na niifanyeje kamera? Nasikia mafuta ya mgando usoni yanasaidia. — Bukoba

Mafuta yanadhuru. Kile kinachoitwa gesi ni unga mwembamba sana unaopeperushwa na moshi, na unga huo hunasa kwenye mafuta na kubaki juu ya ngozi ukiendelea kuunguza. Uso uwe mkavu na msafi. Lenzi za machoni usivae siku hiyo, vaa miwani. Barakoa ya N95 inapunguza, haimalizi. Mwenye pumu asiende. Kama lazima aende, dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni, na si kwenye begi lililoachwa garini.

Ukiingia moshini, tembea kukata upepo, panda palipoinuka, kwa maana moshi huo ni mzito na hutulia mabondeni na kwenye mifereji. Usifikiche macho. Fungua macho dhidi ya upepo safi, mimina maji mengi kutoka pembe ya pua kwenda nje, lita moja na nusu kwa mtu mmoja si nyingi. Kwa kawaida ukali hupungua ndani ya dakika 15 hadi 30. Kopo lenyewe usiliguse, linaunguza kama mkaa.

Hatari kubwa zaidi ya moshi ni kopo likiwa bado linaruka. Limetengenezwa kufyatuliwa kuelekea juu lidondoke. Likifyatuliwa kwa usawa wa mtu, na kwa karibu, linaua. Septemba 2, 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, mwandishi wa Channel Ten Daudi Mwangosi aliuawa hivyo akiwa kazini, na askari mmoja alihukumiwa miaka 15 jela mwaka 2016. Kwa hiyo ukiona mtutu wa bomu la machozi umelala badala ya kuinuka, toka kwenye mstari wake, picha iache.

Kamera: usiipanguse papo hapo, unga utakwaruza kioo. Nyumbani, nje ya nyumba, puliza kwa kipulizio cha mpira, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Kichujio cha kioo mbele ya lenzi kitakuwa kimekukinga na mengi. Nguo zako zifue peke yake kwa maji baridi. Maji ya moto huamsha unga ukaanza kukutoa machozi upya jikoni kwako.

Nina droni. Naruhusiwa kuirusha juu ya maandamano? — Kirumba

Si bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, nawe uko jirani na njia ya ndege za Mwanza. Hata ukiwa nacho, usiirushe juu ya vichwa vya watu: betri ikiisha au ikipigwa jiwe, itaangukia kundi moja, na kundi hilo litajua ni kina nani waliirusha.

Hujambo mhariri. Huku Kisumu waandamanaji si shida, shida ni wale vijana wanaoletwa na rungu kuwafukuza. Wakiona kamera wanaitaka. Na polisi nao mara nyingine wanasema futa. Tufanye nini? — Kondele

Hatujambo. Walioona yaliyotokea Nairobi Juni 17, 2025, wanaume wenye mijeledi na rungu wakiwa juu ya pikipiki, wanajua hali unayoieleza. Mwandamanaji mara nyingi anataka aonekane. Aliyekodiwa hataki, na ndiyo maana anaanza na kamera. Kwa watu hao sheria ya ubavuni haitoshi. Panda ghorofa ya pili kwa ruhusa ya mwenye jengo, simama hatua mbili ndani ya dirisha ambako nje hawakuoni vizuri, zima taa ya kufokasi na mlio wa kamera. Hapo ndipo 70-300 inapata kazi yake, na hapo hapo ukumbuke jibu la Nyakato juu ya umbali.

Chini barabarani, kaeni wawili: mmoja akichungulia, mwingine anatazama mgongo wake. Jicho lisikae kwenye kamera zaidi ya sekunde tano. Kila robo saa badilisha kadi, iliyotumika iingie soksi. Kikitokea kikundi kikataka kamera, wape. Chuma kinanunulika.

Askari akisema futa, usibishane naye mbele ya wenzake. Sema, "Sawa afande, mimi ni mwandishi, kitambulisho hiki hapa, naomba kuongea na mkubwa wako." Haki ya kukusanyika ipo, ibara ya 37 ya Katiba ya Kenya na ya 20 kwa Tanzania, lakini huitetei kwa kupiga kelele kando ya difenda. Akishikilia, futa. Kisha toa kadi hiyo na usipige hata picha moja zaidi juu yake: kufuta kunaondoa jina la faili tu, picha yenyewe ipo hadi ifunikwe na nyingine, na programu za kurejesha faili zinaipata. Namba ya wakili na ya klabu yenu ya waandishi iandike kwa kalamu kwenye mkono, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Mimi natumia simu tu. Nilituma picha kwenye kundi la mtaa, kesho yake kijana mmoja akafuatwa nyumbani kwa sababu alionekana. Nitatumaje salama, na sura nifiche za nani? — Sengerema

Picha za kambi mbili hutazamwa na kambi mbili, na mtaani watu wanajuana kwa mwendo, sembuse sura. Kiongozi aliyepanda jukwaani, msemaji, mtu aliyekubali kuhojiwa, hao usiwafiche. Watoto wote wafiche. Mfiche aliyepita njia, mwenye duka aliyefunga, majeruhi, na kijana yeyote ambaye kosa lake pekee ni kusimama upande ule. Ukungu mwepesi hautoshi. Funika kwa rangi nzito, kisha hifadhi nakala mpya, kwa kuwa programu nyingine huacha picha ya awali chini yake. Angalia pia vinavyosahaulika: namba ya pikipiki, jina la kijiwe kwenye kiakisi mwanga cha bodaboda, sare ya shule, kovu.

WhatsApp ikituma kama picha ya kawaida huibana na kuondoa taarifa za mahali. Ikituma kama faili, inapeleka kila kitu, pamoja na mahali ulipokuwa umesimama. Kwa mhariri unayemwamini tuma faili, maana anahitaji kuthibitisha. Kwa kundi la mtaa usitume chochote kabla hujaficha sura, na ikiwezekana kabla watu hawajatawanyika na kufika makwao.

Kwenye simu yenyewe: zima kufungua kwa uso na kidole, tumia namba sita. Futa jasho kwenye lenzi kwa pindo la shati kila mara, ndiyo sababu ya kwanza ya picha za simu kuwa na ukungu. Usivute kwa vidole kukuza, sogea. Gusa uso wa mtu kwenye kioo na ushikilie ili mwanga ufungwe hapo, halafu piga kwa kitufe cha sauti. Dakika moja ya video ya kawaida inakula MB 100 na zaidi, hivyo acha angalau GB 5 wazi.

Usitegemee mtandao kuwepo. Siku ya Uchaguzi Mkuu, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa nchini na ikachukua siku kadhaa kurudi. Waliokuwa na picha kwenye simu moja tu walilala nazo mkononi. Nunua kile kijiti cha kumbukumbu chenye ncha ya simu, hamisha kila baada ya saa moja, ukiache kwa mtu asiyehusika kabisa na siasa. Mtandao ukiwepo lakini dhaifu, punguza picha hadi pikseli 2048 upande mrefu. Itashuka chini ya MB 1 na itapita hata kwenye msongamano wa Igoma saa kumi na moja jioni.